Sadakurō wa Nakamura Nakazō

Katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, mchezaji wa kabuki, mchezo wa jukwaani wa Kijapani, alirithi jina kabla hajapata sifa, na yule asiyekuwa na ukoo wa wachezaji nyuma yake aghalabu alianza chini na kuishia chini, akicheza miguu ya farasi au askari asiye na neno la kutamka. Nakamura Nakazō, aliyezaliwa mwaka 1736, hakuwa na nasaba hiyo. Alilelewa na mwimbaji wa nyumba za michezo na mkewe, mwalimu wa ngoma, hata viungo vyake vikajua adabu ya mwendo tangu utotoni. Akapanda daraja baada ya daraja, mpaka Ichikawa Danjūrō wa Nne, mchezaji mashuhuri wa zama zile, akamwona na kumtia katika himaya yake.

Mwaka 1766, katika nyumba ya michezo ya Ichimura-za, akapewa kumcheza Sadakurō. Katika Kanadehon Chūshingura, hikaya ya samurai waliomlipia bwana wao kisasi, iliyochezwa kwanza kwa vibaraka mjini Osaka mwaka 1748, nafasi hiyo ilikuwa hafifu mno: mnyang'anyi amuua mzee njiani usiku, ampokonya mfuko wa fedha, kisha afa kwa risasi iliyokusudiwa nguruwe mwitu. Tena ilifika saa ya chakula, watazamaji wakiwa wameinamia wali wao.

Waliomtangulia walimvika Sadakurō joho zito la majambazi wa milimani. Nakazō, ambaye bila shaka alijua uchungu wa kukosa ukoo, alizingatia kwamba mtu huyu ni mwana wa samurai mwenye cheo, aliyekataliwa na babaye. Wasimulizi husema kwamba siku moja ya mvua alimwona samurai fukara akiingia dukani, ametota, ameshika mwavuli uliochanika, na papo hapo akampata Sadakurō wake. Basi akavaa hariri nyeusi, akajipaka weupe mwili mzima, na kabla ya kutoka akajimwagia maji, hata nywele na mikono ya nguo ikawa yachuruzika jukwaani. Wasimulizi huongeza kwamba hadhira ilinyamaza kimya, naye akadhani ameshindwa. Mimi naona kimya kile kilikuwa heshima kubwa kuliko makofi.

Kuanzia hapo akahesabiwa miongoni mwa vinara wa Edo, na mchoraji Katsukawa Shunshō akamchora katika sura ile ile. Alifariki mwaka 1790. Sadakurō angali akivaa nyeusi hadi leo, na siku hizi husema neno moja tu, akihesabu fedha za mzee gizani: ryō 50.