Namba tatu zilizozima ARPANET

Jumatatu, tarehe 27 Oktoba 1980, mtandao wa ARPANET uliotangulia intaneti ya leo ulikwama kwa karibu saa nne. Hakuna aliyeuvamia wala kukata waya. Waliokuwa zamu katika kituo cha uangalizi cha kampuni ya BBN, mjini Cambridge, Massachusetts, waliona tu laini zikipotea kila upande wa Marekani.

Mtandao huo uliendeshwa na kompyuta zilizoitwa IMP, zilizofungwa kwenye vyuo vikuu na taasisi za serikali, kazi yao ikiwa kupokea data na kuipitisha. Ili kila IMP ijue njia ipi inapitika, zilitumiana taarifa fupi kuhusu hali ya laini zao. Taarifa mpya ikifika, IMP huihifadhi na kuwapasia majirani wote. Taarifa hizo zilitangulizwa mbele ya kazi za watumiaji, na ilikuwa sawa kabisa, kwani bila kujua njia hakuna kinachofika.

Mafundi walijaribu dawa waliyoizoea ya kuzima na kuwasha. Haikusaidia. IMP ikiamka, majirani wanaimwagia taarifa zilezile, inakwama upya. Ikabidi kutoa nakala za kumbukumbu za mashine zilizokwama na kuzisoma. Humo walikuta foleni zimefurika taarifa za mashine moja tu, namba 50, zenye namba za mfuatano zilizojirudia: 8, 40, 44, 8, 40, 44.

Hapo ndipo kiini kilipo. Kila taarifa ilibeba namba kati ya 0 na 63, na ikifika 63 hesabu ilirudi 0, kama mshale wa saa unavyopita 12. Programu iliamua hivi: tofauti ya namba mbili isipozidi 32, kubwa ndiyo mpya, ikizidi, ndogo ndiyo mpya kwa kuwa imeshazunguka. Basi 44 ni mpya kuliko 40. 40 ni mpya kuliko 8. Lakini kati ya 44 na 8 tofauti ni 36, kwa hiyo 8 ni mpya kuliko 44! Kila moja ikaifukuza mwenzake, na kila mara IMP ikaamini imepata habari mpya inayopaswa kusambazwa, hata kazi za watumiaji zikakosa nafasi.

Namba hizo zilitoka wapi? Ziandike kwa biti: 44 ni 101100, 40 ni 101000, 8 ni 001000. Kumbukumbu mbovu ilikuwa imedondosha biti moja, kisha nyingine. Data ilihakikiwa ikiwa safarini kwenye laini, lakini ikishatua ndani ya kumbukumbu hakuna kilichoikagua tena.

Dawa ya siku ile ilikuwa kiraka kifupi cha programu kilichoagiza IMP zipuuze taarifa yoyote ya namba 50. Mtandao ukarudi.

Ninachokiheshimu zaidi ni kilichofuata. Julai 1981, Eric Rosen wa BBN alichapisha ripoti inayojulikana kama RFC 789, akieleza tukio hatua kwa hatua. Rosen alikuwa miongoni mwa waliobuni utaratibu huohuo wa kutafuta njia, na hakuishia kuilaumu kumbukumbu mbovu. Alionyesha wazi kwamba programu yenyewe haikuwa na kinga dhidi ya hitilafu ya namna ile. Wahandisi wengine wakapata mahali pa kuanzia.

Mwaka 1983 mmoja wao, Radia Perlman, alipendekeza namba zisizozunguka, ndefu kiasi cha kutoisha kirahisi, pamoja na umri kwa kila taarifa ili iliyopitwa na wakati ife yenyewe. Mawazo hayo yamo katika OSPF, mojawapo ya taratibu ambazo ruta nyingi hutumia hadi sasa. Namba zake ni za biti 32, na taarifa inayokaa saa nzima bila kuhuishwa hufutwa.