Pikipiki Ikipiga Kelele: Fuata Mlio Kabla ya Kufungua Injini

Vijana wetu wa Pwani waliokwenda Nairobi kutafuta riziki hawako Eastleigh peke yake. Wapo pia Kibera, na miongoni mwao wapo wanaoendesha bodaboda baina ya Ayany, Olympic, Makina na Barabara ya Ngong. Makala haya ni yao, na ni ya kila mwenye pikipiki ndogo ya kazi, awe huko bara au awe huku Likoni na Malindi.

Ayany ni mtaa wa nyumba za kudumu ndani ya Kibera. Nyumba zimeshikana, ukuta wa huyu ndio ukuta wa yule, na pikipiki hulala uani au kwenye ujia. Injini yenye kelele ikiwashwa kabla ya alfajiri huamsha watoto wa watu na wagonjwa wa watu. Hilo ni moja. La pili ni mfuko. Pikipiki nyingi za bodaboda ni za mkopo unaolipwa kila siku au kila wiki, na siku ambayo chombo kiko gereji deni halisimami. Kijana akiambiwa "hii injini lazima ifunguliwe," hana la kujibu, hulipa tu. Ilhali mara nyingi ubovu wenyewe ni gasketi ya ekzosi, cheni iliyolegea au tapeti, mambo yanayorekebishwa nyumbani kwa spana chache.

Kanuni ni moja: fuata mlio. Anza na kisicho na gharama, nenda kwenye cha bei ndogo, na ujue pa kusimama.

Sikiliza kwanza

Weka pikipiki kwenye stendi ya katikati, nje, mahali penye hewa. Usiwashe injini ndani ya ujia au chumba kilichofungwa, kwani moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu, na huua.

Jiulize maswali manne. Kelele inatoka juu kwenye hedi, ubavuni mwa silinda, chini kwenye krenki, au nje ya injini kabisa? Inazidi injini ikiwa baridi au ikishapata moto? Inabadilika ukibana klachi? Inakuja ikiwa imesimama inanguruma taratibu, au inapopanda kilima na abiria?

Chukua bisibisi ndefu, gusisha ncha yake kwenye injini na mpini wake karibu na sikio. Mlio utapita kwenye chuma kama daktari anavyosikiliza kifua. Sogeza ncha kutoka juu hadi chini, na mahali mlio unapokuwa mkali ndipo pa kuanzia. Jihadhari na ekzosi ya moto na usiguse kinachozunguka.

Mlio ukibadilika unapobana klachi, shaka iko kwenye klachi yenyewe au beringi zilizo karibu nayo, wala si pistoni. Swali hilo moja hukuokoa na kufunguliwa silinda bure.

Oili kabla ya spana

Injini iliyopungukiwa na oili hulia kila mahali. Kagua kiwango chake pikipiki ikiwa wima, si ikiwa imeegemea stendi ya ubavuni. Baadhi ya pikipiki zina kioo kidogo pembeni, nyingine zina kijiti cha kupimia. Injini nyingi za ukubwa huu huchukua takriban lita moja, kwa hivyo robo lita ikipungua si kidogo.

Tumia oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA kwenye chupa. Katika pikipiki hizi klachi huogelea ndani ya oili ile ile ya injini. Baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano, na hivyo huifanya klachi iteleze. Usinunue oili ya kupimwa kwenye chupa isiyo na jina. Na ukibadilisha, tazama ile ya zamani. Vipande vya chuma vinavyonata kwenye sumaku ni habari mbaya, na tutazifikia huko chini.

Kelele za nje ya injini

Kagua haya kabla ya kugusa injini yenyewe.

Cheni ya gurudumu. Ikilegea hupiga kava lake na kutoa sauti ya kukwaruza. Bonyeza sehemu ya chini, katikati. Katika pikipiki nyingi ndogo inatakiwa kucheza baina ya milimita 20 na 30. Zungusha gurudumu upime mahali kadhaa, kwa sababu cheni iliyovutika haichezi sawasawa.

Bolti. Kaza zinazoshika injini kwenye fremu, za sailensa na za kava la kuzuia joto. Kava lililolegea hulia kama kopo la maziwa lenye mawe.

Ekzosi. Ukisikia "pa-pa-pa" kali karibu na hedi, hasa unapovuta resi, angalia maungio ya ekzosi na silinda. Masizi meusi kuzunguka maungio yanaonyesha hewa inavuja. Fungua injini ikiwa imepoa, safisha, weka gasketi mpya na kaza nati zote mbili kwa zamu, kidogo kidogo. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho kwanza, gasketi itakaa upande na kuvuja tena. Kwa walio Pwani, hewa ya chumvi hula sailensa, na tundu la kutu hutoa kelele hii hii.

Tapeti: ti-ti-ti ya juu

Mlio mwepesi wa haraka kutoka kwenye hedi, kama cherehani, kwa kawaida ni nafasi ya valvu iliyopanuka. Unahitaji spana, koleo na fila geji, yaani vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi.

Injini iwe baridi, iliyolala usiku kucha. Toa plagi. Fungua vifuniko vya tapeti na kile kidirisha cha upande wa magneto. Tia gia ya juu, zungusha gurudumu la nyuma polepole kwa mkono mpaka alama ya T ilingane na alama ya kwenye kava. Tikisa mikono ya valvu zote mbili: inatakiwa icheze kidogo. Ikiwa imekaza, pistoni iko juu lakini si katika mpigo unaotakiwa, kwa hivyo zungusha tena mpaka T irudi.

Pitisha fila geji. Vipimo vya injini nyingi za aina hii viko baina ya milimita 0.05 na 0.10, na ya kutolea moshi mara nyingi hupewa nafasi kubwa zaidi. Honda CG125, ambayo pikipiki nyingi za Kichina zimeigwa kwayo, hutumia 0.08 kwa zote mbili. Fuata kitabu cha pikipiki yako. Legeza nati, rekebisha mpaka kibati kipite kwa kukwaruza kidogo, shika skrubu isizunguke, kaza nati, kisha pima tena, maana kukaza hubadilisha kipimo.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanakaza mpaka kelele iishe kabisa. Valvu isiyo na nafasi haifungi vizuri injini ikipata moto. Inaungua, na pikipiki inapoteza nguvu. Tapeti inayolia kidogo ni salama kuliko iliyonyamazishwa kwa nguvu.

Cheni ya ndani

Ikiwa tapeti ziko sawa na bado kuna mkwaruzo ubavuni mwa silinda injini ikinguruma taratibu, shuku cheni ya taiming au kikaza chake. Pikipiki kama Bajaj Boxer zina cheni hii. Zile za mtindo wa CG125 husukuma valvu kwa vijiti, hazina cheni, kwa hivyo usikubali kuuziwa. Kikaza kilichochoka hubadilishwa bila kufungua hedi. Cheni yenyewe ikiwa imevutika ni kazi ya fundi, na usiiache: ikiruka meno, valvu zinaweza kugongana na pistoni.

Mlio wa kusimamisha kazi

Mgongo mzito wa "tok-tok" kutoka chini, unaozidi ukibeba abiria au ukipanda, ni wa koneksheni rodi na beringi yake. Ukiusikia, na hasa oili ikiwa na chembe za chuma, zima. Usimalizie siku. Krenki hutolewa kwa mashine ya kukandamiza, si kwa nyundo uani. Ukiendelea kuendesha, rodi inaweza kukatika na kutoboa injini, na gurudumu likakwama ukiwa na abiria mgongoni.

Usiuchanganye na pistoni iliyochoka, ambayo hugonga injini ikiwa baridi na hupungua ikipata moto. Hiyo inakupa muda wa kuweka akiba ya silinda na ringi.

Ukitoka Ayany kuja Mombasa

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kabureta iliyopunguzwa mafuta kule ikiletwa Mombasa, ambako hewa ni nzito, petroli huwa haitoshi. Injini hupata moto na kutoa mlio kama punje za mchele zikimwagwa kwenye sahani ya bati, hasa ikibeba mzigo. Toa plagi uitazame: rangi ya mdalasini ni sawa, nyeupe ni petroli kidogo, nyeusi yenye masizi ni petroli nyingi. Marekebisho ni ya kabureta, wala pistoni haina kosa.

Haki ya jirani

Wapo wanaotoboa sailensa makusudi ili wasikike. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu mwaka 2009, na NEMA ndiyo yenye kuzisimamia. Lakini kabla ya NEMA kuna jirani, na haki ya jirani kwetu Waislamu si jambo dogo. Aliyekosa usingizi kwa sababu ya sailensa yako ana dai juu yako hata asiposema.

Haki hiyo inahusu pia oili chafu. Usiimwage mtaroni. Maji ya mitaro ya Kibera huteremka kuelekea Bwawa la Nairobi na Mto Ngong. Ihifadhi kwenye dumu uipeleke gereji.

Na ukienda kwa fundi baada ya haya yote, usimwambie tu "inalia." Mwambie inalia wapi, lini, na umeshakagua nini. Fundi mwaminifu atafurahi kwa kuwa umempunguzia kazi, na asiye mwaminifu atajua kwamba huyu hawezi kufunguliwa injini kwa gasketi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee, lakini kwanza ujue ufa uko wapi. Wallahu a'lam.