Peugeot 205 GTI: gari jepesi na uzee wake

Mwaka 1978 Peugeot iliichukua Chrysler ya Ulaya kwa dola 1 pamoja na madeni yake, na mzigo huo nusura uizamishe. Kilichoiokoa ni gari dogo, 205, lililotoka mwaka 1983. Mwaka uliofuata likaja toleo la GTI: milango mitatu, injini ya lita 1.6, nguvu za farasi 105. Kwa mizani ya leo nguvu hizo ni za kawaida tu, ila gari zima lilikuwa na uzito wa takriban kilo 850. Mwishoni mwa 1986 ikaongezwa injini ya lita 1.9 yenye nguvu 130, na gari la kwendea sokoni likawa linapita kilomita 200 kwa saa.

Huku kwetu Peugeot ilijulikana kwa 404, iliyoshinda mbio za Safari mara nne miaka ya 1960, na kwa 504, gari la abiria na magunia. GTI haikuumbwa kwa mateso ya namna hiyo. Kwao ni lami nyembamba yenye kona nyingi, na hata huko haikumstahi mwoga: aliyeingia kona kwa kasi kisha akashtuka na kutoa mguu kwenye mafuta aliona nyuma ya gari ikitaka kutangulia mbele.

Anayeitumia leo kila siku anasumbuliwa na mambo mengine. Usukani mara nyingi hauna pawa, kwa hiyo kuegesha ni kazi ya mabega. Mifuko ya hewa hakuna. Plastiki za ndani zinalia, na kwa haki zililia tangu zikiwa mpya.

Ugonjwa mkubwa uko kwenye ekseli ya nyuma. Wahandisi walitaka buti pana, wakalaza shokapu karibu sambamba na sakafu na kutumia vyuma vya kujipinda badala ya springi. Ubunifu safi kabisa. Lakini mikono ya magurudumu huzungukia beringi zilizofichwa ndani ya bomba. Sili zikichoka maji huingia, kutu hula, na magurudumu huanza kuegemeana kwa juu. Ukiliona gari limesimama hivyo, usijidanganye kwamba limeshushwa kwa mapambo. Fundi atafungua ekseli nzima, na bili yake haina utani.

Kilichoiua sokoni hakikuwa ekseli. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Uingereza waliyaiba magari ya aina hii kwa ajili ya kuyakimbiza mitaani, na bima ikapanda hadi wanunuzi wakakimbia. Kifaa cha kusafisha moshi nacho kikapunguza nguvu za ile ya 1.9 hadi 122. GTI ikakoma mwaka 1994.

London sasa ina kichekesho chake. Tangu Agosti 2023 ada ya moshi, pauni 12.50 kwa siku, inatozwa katika mitaa yote ya jiji hilo, lakini gari lililotimiza miaka 40 na kusajiliwa kama la kihistoria limesamehewa. GTI ya 1984 inaweza kupita bure. Mdogo wake wa 1991, mwenye injini ya ukubwa uleule, analipa.