Mtoto mwenye usonji na uzito wa mwili

Alhamdulillah. Wazazi wa hapa Chumbageni na wa visiwani hutuuliza: mtoto wetu ana usonji, kila mwezi anazidi kunenepa, na akinyimwa chakula hupiga kelele hadi majirani wakatoka nje. Tukimpunguzia, tunamdhulumu?

Kwanza, mtoto huyu si mlafi. Wengi wenye usonji huchagua chakula kwa rangi, harufu na ulaini wake mdomoni, basi mwingine hula maandazi, chipsi na wali mweupe tu. Wengi hulala kwa shida, na kwenye mpira wa mtaani huachwa nje. Halafu zipo dawa: risperidone, wanayopewa baadhi yao kutuliza hasira na kujiumiza, huongeza hamu ya kula. Usiikatishe mwenyewe. Rudi kwa daktari aliyeiandika, awe Bombo au kwingine, mtoto apimwe uzito na urefu. Unene wa mtoto hupimwa kwa umri na jinsia yake, si kwa jicho la shangazi.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni chakula kugeuzwa kitulizo. Akilia, soda, akinyamaza, biskuti. Soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko 9 vya chai. Mtulize kwa anachokipenda kingine: bembea, maji, kanda ya Qur'ani.

Mabadiliko yaende polepole, kwani mazoea yakivunjwa ghafla humtesa. Sukari ya chai ipungue kidogo kila wiki. Samaki awekwe kando ya wali anaouzoea, bila kulazimishwa. Huenda akamkataa mara kumi kabla ya kumwonja. Katika sinia ya pamoja hakuna ajuaye kala kiasi gani, basi mpakulie sahani yake. Na nyumba nzima iache soda, si yeye peke yake.

Baada ya Alasiri tembea naye, saa ileile, njia ileile. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apate dakika 60 za kujishughulisha kila siku. Mkienda kuogelea Raskazone usimwachie hata kidogo: watoto hawa huvutwa na maji, na wengi huzama.

Kumpunguzia si dhuluma. Aya ya 31 ya Surat Al-A'raf imeruhusu kula na kunywa, ikakataza israfu. Dhuluma ni kumshindisha njaa, kumpiga, au kumtania unene wake mbele ya wageni. Wala asifungishwe saumu ili apungue: asiyebaleghe, au aliyebaleghe bila kufahamu, haimlazimu. Anayefahamu na kuiweza humlazimu, lakini akiwa anatumia dawa, daktari aulizwe kabla ya Ramadhani.

Wallahu a'lam.