Beni na Mipaka: Safari za Ngoma ya Gwaride tangu Pwani hata Mashimo ya Shaba

Katika ngoma zote zilizozaliwa katika mwambao wa Afrika ya Mashariki, ni chache zilizosafiri mbali kama beni. Ilianza katika pwani ya Kenya miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, na kabla haijatimiza miaka hamsini ilikuwa imekwisha chezwa Lamu, Mombasa, Tanga, Dar es Salaam, Tabora, katika Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, katika Kongo ya Wabelgiji, na kwenye mashimo ya shaba ya Rodeshia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Hivyo ilipita mipaka ya dola tatu za Ulaya, mipaka iliyokuwa imechorwa juzi tu, na ambayo wenye kuichora waliilinda kwa wivu. Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi ilivyopita, ilichukua nini, iliacha nini njiani, na kwa nini watawala waliihofu. Barua na taarifa za serikali zinasaidia sana katika kazi hiyo. Lakini upo ushahidi mwingine usiopasa kudharauliwa, nao ni majina yenyewe ya ngoma, ya vyama na ya vyombo.

Neno beni ni neno la Kiingereza lenye maana ya kundi la wapiga muziki. Kiswahili kimelikopa neno hilo mara mbili. Mara ya kwanza lilitwaliwa kwa sikio, likapoteza sauti ya d, likawa beni. Mara ya pili lilikuja na muziki wa dansi, likawa bendi. Maneno hayo mawili ni ndugu, lakini hayakuchanganyika, kwa kuwa kila moja lilikuwa na kazi yake. Beni ilikuwa ngoma ya watu waliojipanga safu, wenye sare, wakipiga hatua za gwaride kwa ngoma kubwa na tarumbeta. Pale ambapo tarumbeta za shaba hazikupatikana, watu walitumia kibuyu chenye utando: mtu aliimba ndani yake, na sauti ikatoka kana kwamba ni ya tarumbeta. Viongozi walikuwa na vyeo kama vya jeshi na serikali: mfalme, gavana, jenerali, kapteni, daktari. Wanawake nao walikuwa na vyeo vyao.

Haifai kudhani ya kuwa beni ilikuwa mwigo mtupu. Ni kweli kwamba watu waliona bendi za manowari na za askari, na kwamba Freretown, kijiji cha misheni kilichoanzishwa karibu na Mombasa katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru, kilikuwa na bendi yake. Lakini desturi ya mji kugawanyika pande mbili na kushindana kwa ngoma, mashairi, mavazi na karamu ilikuwapo pwani zamani sana. Lamu ilikuwa na Mkomani na Langoni kabla ya tarumbeta ya kwanza kufika. Beni ilikuwa vazi jipya la desturi hiyo ya kale. Mombasa palikuwa na Kingi, jina la mfalme wa Waingereza, na Skochi, jina litokanalo na askari wa Uskoti. Waliposhindana, hawakushindana kwa ajili ya Uingereza wala Uskoti. Walishindana kwa heshima ya mji wao na ya koo zao.

Mpaka wa kwanza uliovukwa na beni ulikuwa ule wa Waingereza na Wajerumani, baina ya Mombasa na Tanga. Hapa jina la ngoma ni ushahidi wa wazi. Mjerumani hakuliita kundi lake la wapiga muziki kwa neno hilo la Kiingereza. Alikuwa na neno lake, Kapelle. Kama ngoma hii ingezaliwa katika makoloni ya Wajerumani kwa kuwatazama askari wao, ingetazamiwa kuwa na jina la Kijerumani. Lakini Tanga na Dar es Salaam watu waliiita beni, kama ndugu zao wa kaskazini. Basi ngoma ilifika na jina lake, ikichukuliwa na mabaharia, wachuuzi na jamaa waliokwenda na kurudi kwa majahazi na kwa miguu, ambao kwao Mombasa na Tanga ilikuwa pwani moja. Baada ya kufika ndipo ilipovaa sura ya huko. Vyama viwili vikubwa viliitwa Marini na Arinoti, na hilo la kwanza ndilo jina ambalo Wajerumani waliliita jeshi lao la majini. Marini aghalabu walihesabiwa kuwa watu wa mji, makarani na waungwana. Arinoti walipokea zaidi wafanyakazi na watu wa bara.

Ikaja vita ya 1914 hata 1918, na beni ikaondoka pwani. Wachezaji wake wengi walikuwa askari, makarani, watumishi na wapagazi, na watu hao ndio waliobebwa na vita. Ngoma hii ilikuwako katika majeshi yote mawili. Askari wa Wajerumani waliicheza, na askari wa King's African Rifles, walioitwa Keya, waliicheza vilevile. Hivyo watu waliopigana mchana walikuwa na hatua moja ya ngoma na nyimbo za lugha moja. Mwezi wa Novemba 1917 jeshi la von Lettow-Vorbeck lilivuka mto Ruvuma likaingia katika nchi ya Wareno. Mwaka uliofuata likaingia Rodeshia ya Kaskazini, likafika Kasama, na tarehe 25 Novemba 1918 likaweka silaha chini huko Abercorn, ambako leo ni Mbala. Waliofuata na waliofuatwa walikuwa Waafrika kwa maelfu. Kwa upande wa Waingereza peke yake, idadi ya wapagazi waliokufa kwa njaa, maradhi na uchovu hukadiriwa kuwa karibu 100,000. Jina la Kariakoo, lililobaki Dar es Salaam na Nairobi, latokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao.

Katika hali hiyo ndipo inapofahamika kazi ya beni. Mtu aliyetolewa kwao akatupwa umbali wa safari ya miezi hakuwa na ukoo wa kumpokea, wala wa kumzika. Chama kilikuwa ukoo wake. Mwanachama aliyefika mji mgeni aliwatafuta wenzake, akapewa chakula na mahali pa kulala; akiugua aliangaliwa, akifa alizikwa kwa heshima ya cheo chake. Matawi ya miji mbalimbali yaliandikiana barua, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Vyeo vyenyewe, ambavyo Wazungu wengi walivicheka, vilikuwa na faida kubwa katika jambo hili: mtu aliyekuwa kapteni Tanga alifahamika Tabora alikuwa nani, aketi wapi, na apewe heshima gani. Serikali iligawa watu kwa kabila na kwa wilaya. Beni iliwapa cheo kilichotambulikana pande zote za mpaka.

Jambo hilohilo ndilo lililowatia hofu watawala. Mwaka wa 1919 maofisa wa Uingereza katika nchi waliyoitwaa kutoka kwa Wajerumani walifanya uchunguzi juu ya vyama hivi. Waliona watu wa makabila mengi, wengi wao Waislamu, wenye matawi katika miji mingi, wenye barua, michango na vyeo vya kijeshi, nao wakashuku kwamba pana njama ya dini au ya siasa inayoenezwa kwa siri. Uchunguzi haukuona njama hiyo. Ulichokuta ni ngoma, mashindano, misaada na maziko. Lakini shaka haikwisha kabisa, kwa kuwa kosa la watawala halikuwa katika kuona mambo yasiyokuwapo. Mtandao ulikuwapo kweli. Walikosea kwa kudhani kwamba Waafrika hawangeweza kuwa na mtandao mkubwa namna ile ila kwa shauri baya.

Huko Nyasaland beni ilipelekwa na askari wa Keya na watu waliorudi kutoka vitani. Hapa pana jambo la kuwafaa wachunguzi wa lugha. Miongoni mwa Wayao, ambao walikuwa na uhusiano wa siku nyingi na pwani na walio wengi wao Waislamu, jina lilidumu kwa sura ya mbeni. Lakini kandokando ya ziwa, miongoni mwa Watonga na jirani zao, ngoma hiyo ya gwaride ilipewa jina la malipenga, wingi wa lipenga, yaani tarumbeta, kwa sababu ya vile vibuyu vyenye utando. Na mahali pengine iliitwa mganda. Kiswahili kiliachwa, watu wakatunga nyimbo kwa lugha zao. Hata hivyo kila kundi la malipenga liliitwa boma, neno ambalo katika siku za ukoloni lilikuwa jina la makao ya mtawala wa wilaya. Boma moja hualika boma la kijiji kingine, na wenyeji huwapokea wageni, huwalisha na kushindana nao. Hivyo jina la chombo lilibadilika na lugha ya wimbo ilibadilika, lakini desturi ya kumpokea mgeni mwenye sare ilidumu.

Katika Rodeshia ya Kaskazini na katika Elisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi, mbeni iliwakuta watu waliokuwa ugenini kwa sababu nyingine: kazi ya migodi. Hapo nayo ilikuwa chama cha kumpokea mgeni na kumzika maiti. Mwezi wa Mei 1935 serikali ya Rodeshia ya Kaskazini iliongeza kodi ya wafanyakazi wa miji ya migodi kutoka shilingi 12 na peni 6 hadi shilingi 15. Wachimbaji wa Mufulira, Nkana na Luanshya wakagoma, na huko Luanshya Waafrika sita waliuawa kwa risasi. Tume iliyoundwa ilisikiliza maelezo mengi juu ya chama cha mbeni, kwa kuwa watu waliozoea kukusanyika, kutii amri na kupeleka habari kutoka mgodi hadi mgodi walikuwa humo. Lakini haikuona kwamba chama chenyewe kilikuwa cha uasi. Katika miaka ya baadaye kalela, ngoma iliyofuata nyayo za mbeni, ilichezwa na vijana waliovaa nadhifu, kwa suruali za pasi, nayo ikachunguzwa na J. Clyde Mitchell katika kitabu chake cha 1956.

Wala hofu na dharau hazikutoka kwa Wazungu pekee. Wamisionari waliipinga beni, na Waafrika wengine waliosoma waliiona kuwa upotevu wa fedha na aibu ya kuiga. Lawama ya gharama haikuwa bure, kwa kuwa mashindano ya karamu yaliweza kumfilisi mtu. Lakini wenye kulaumu hawakupima gharama ya kukaa ugenini bila jamaa.

Kadiri dansi, mpira na vyama vya wafanyakazi vilivyoenea, beni ilipungua nguvu katika miji ya Tanganyika. Haikufa. Unguja ingali inasikika katika harusi. Na upande wa Tanzania wa ziwa Nyasa, katika mkoa wa Ruvuma, wanaume huicheza mganda kwa safu na kwa hatua za gwaride, nayo huhesabiwa kuwa ngoma ya asili ya watu wa huko. Wenye kuihesabu hivyo hawakukosea. Ngoma iliyozikwa na wapagazi, ikalishwa na wanavijiji na kutungiwa nyimbo kwa lugha tatu nne imekwisha kuwa ya wenyewe. Mipaka ile iliyochorwa Ulaya iligawa nchi na kodi. Lakini maneno beni, mbeni, malipenga na boma, yakiwekwa pamoja, yanaonyesha njia ambayo watu wa kawaida waliipita wenyewe, wakitafutana.