Nunda na Sultani Asiyesikia

Mwaka 1870 kilichapishwa London kitabu cha ngano za Kiswahili zilizokusanywa na Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Unguja mwaka 1864, zama za Sayyid Majid. Kalamu ilikuwa yake. Ngano zilikuwa za wenyeji. Miongoni mwao imo ya Sultani Majnuni, na jina lenyewe ni ishara, kwani asili ya neno majnuni ni mtu aliyepagawa na jini.

Sultani huyo alikuwa na paka aliyempenda mno. Paka akaanza kula ndama, akapanda hadi mifugo mikubwa, hatimaye akala watu. Kila waliposhitaki raia, jawabu lilikuwa lile lile: paka ni wake, na walioliwa ni wake. Ni pale paka alipowageukia wanawe mwenyewe ndipo alipokiri kuwa huyo si paka tena, ni nunda. Kitinda mimba wake, aliyekuwa akidharauliwa, ndiye aliyeingia mwituni akaua mnyama baada ya mnyama, hadi akampata nunda mwenyewe.

Ngano hii huhesabiwa kuwa ya kutishia watoto. Lakini ilisimuliwa katika mji ambao soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873, miaka mitatu baada ya kitabu kutoka. Kwa wasikilizaji wa wakati ule, mnyama ndiye aliyekuwa wa kubuni. Mtawala anayewahesabu watu kuwa mali yake walimjua.