Usiku wa Mizuka na Madaftari ya Watoto wa Ayalandi

Hadithi ya kutisha haidumu kwa kuwa inatisha. Hudumu kwa kuwa yuko mkubwa aliyeisimulia na yuko mdogo aliyeisikiliza, na kila mmoja akajiona ana haki juu yake. Jambo hili ladhihirika katika historia ya Halloween, usiku wa tarehe 31 Oktoba, ambao walio wengi leo huujua kwa peremende, nyuso za bandia na maboga yaliyochongwa meno.

Chimbuko la usiku huo li katika Ayalandi na Uskoti, ambako uliitwa Samhain. Ulikuwa mpaka wa mwaka: mavuno yamekwisha, mifugo imeteremshwa kutoka malisho ya kiangazi, na majira ya baridi na giza yanabisha hodi. Watu waliamini kuwa unapofika mpaka wa majira, hulegea pia mpaka mwengine, ule ulio baina ya walio hai na wasioonekana. Katika karne ya 9 Kanisa la magharibi liliithibitisha tarehe 1 Novemba kuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, na mkesha wake ndio uliozaa jina la Halloween. Sikukuu mpya ikaketi juu ya mkeka wa ile ya kale, bila ya kuukunja.

Watoto hawakuwa watazamaji tu wa usiku huo. Huko Uskoti walijipaka masizi usoni, wakavaa nguo kuukuu za wakubwa, wakapita nyumba kwa nyumba. Lakini hapana aliyepewa tufaha wala njugu kwa kunyoosha mkono tu. Ilimpasa kwanza aimbe, atoe shairi, au atege kitendawili. Sanaa ndiyo iliyokuwa fedha ya usiku ule. Robert Burns, mshairi mashuhuri wa nchi hiyo, alitunga mwaka 1785 shairi refu juu ya Halloween, akaeleza humo jinsi vijana wa shamba walivyotupa njugu motoni mbili mbili ili kubashiri nani atamwoa nani.

Kisha ikaja Njaa Kuu ya Ayalandi. Kuanzia mwaka 1845 viazi vilioza mashambani mwaka hata mwaka, watu wapatao milioni moja wakafa, na wengine wengi wakavuka Atlantiki. Wahamiaji hao walikwenda na usiku wao. Kwao taa ilichongwa kutokana na tanipu, mboga ya mzizi iliyo ngumu. Marekani walilikuta boga, kubwa zaidi na jepesi kuchongwa. Mila ikabadili uso, na baadaye ikabadili kauli. Utundu wa vijana ulizidi hata mwaka 1920 wakuu wa mji wa Anoka, katika jimbo la Minnesota, wakaandaa maandamano ya watoto waliojipamba ili kuwaepusha na uharibifu wa usiku. Katika miaka hiyo hiyo ya 1920 magazeti ya Kanada yalikwisha kutaja watoto wanaobisha milango wakidai kitu kitamu, ama sivyo watafanya visa. Ulipokwisha mgao wa sukari wa Vita Kuu vya Pili, desturi hiyo ilienea kwa kasi. Shairi la mlangoni likafupika, likawa kitisho cha maneno matatu.

Ayalandi yenyewe ilishika njia nyengine. Dola lake jipya, lililozaliwa mwaka 1922, lilikuta lugha ya Kiayalandi imedhoofika na wazee wenye hadithi za kale wanafariki mmoja mmoja. Mwaka 1935 serikali iliunda Tume ya Mapokeo chini ya Séamus Ó Duilearga, lakini wakusanyaji walikuwa wachache mno kwa kazi iliyokuwapo. Ndipo kalamu ikakabidhiwa watoto. Tangu 1937 hadi 1939 wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule za msingi, wenye umri wa kiasi cha miaka 11 hadi 14, waliondolewa insha za kawaida, wakaagizwa wawaulize wazazi, mababu na majirani. Vitendawili, hazina zilizofukiwa, tiba za kienyeji, mila za sikukuu: yote yaliandikwa, na mara nyingi pamoja na jina na umri wa msimulizi. Shule zipatazo 5,000 zilishiriki, zikaacha kurasa zinazokaribia 740,000, ambazo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dublin, UCD.

Samhain imo humo kwa wingi. Umo mkate uliofichwa pete ndani yake, na atakayeipata ndiye atakayeoa au kuolewa kwanza. Yumo pia púca, kiumbe mwenye kubadili umbo, anayeyatemea mate matunda ya porini usiku huo ili yasiliwe tena. Mtoto aliyesadiki aliogopa. Lakini matunda ya wakati huo huwa yameanza kuoza, na hofu ile ililinda tumbo lake. Mkubwa aliyetisha alikuwa akitunza.

Mwalimu atakaye kuwapa wanafunzi wake hadithi ya kutisha ana funzo hapa. Barakoa ya dukani humfanya mtoto kuwa mnunuzi. Swali analompelekea bibi yake humfanya mrithi, na bibi naye hujua kuwa angali na jambo la kutoa.

Mzee wa miaka 80 aliyehojiwa mwaka 1938 alizaliwa mwaka 1858, akalelewa na watu walionusurika Njaa Kuu. Kwa hiyo mtoto aliyekwenda kuulizia vizuka alirudi pia na habari za viazi vilivyooza na jirani waliozikwa, akaziandika zote katika daftari moja, kwa mwandiko ule ule wa darasani.